Pamba ya Simiyu, cherehani za Athi River

*Ushuru kati ya nchi za Afrika Mashariki ulifutwa zamani, lakini mkulima wa pamba na mshona jinzi bado hawajakutana sokoni. Sababu iko kwenye mikataba mingine ambayo kila nchi imeifuata kivyake.*

Msimu wa pamba ukifunguliwa, malori yenye viroba vya pamba mbegu hutoka kwenye vyama vya ushirika vya msingi vya Bariadi, Maswa na Meatu na kuelekea viwanda vya kuchambua. Kati ya kila kilo tatu zinazoingia mashineni hutoka takriban kilo moja ya pamba nyuzi, na kilichobaki zaidi ni mbegu za kukamulia mafuta. Pamba nyuzi hushindiliwa kuwa robota la kilo 181 hivi, hufungwa na kupakiwa tena kwenye lori. Sehemu kubwa ya marobota hayo haipiti kwenye kiwanda chochote cha uzi cha Afrika Mashariki. Huenda moja kwa moja hadi bandari ya Dar es Salaam, na kutoka huko Asia.

Kaskazini kidogo, katika eneo la uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje (EPZ) la Athi River nje ya Nairobi, mambo huenda kinyume chake. Majora ya kitambaa kilichosokotwa, kufumwa na kutiwa rangi Asia hupanda kutoka Mombasa ndani ya makontena. Hukatwa, hushonwa, hutiwa zipu na vifungo ambavyo navyo vimetoka nje, kisha suruali zikishanyooshwa na kufungwa hurudi Mombasa kwenda Marekani. Kati ya Bariadi na Athi River hakuna bahari. Kuna mpaka mmoja, na tangu mwaka 2010 bidhaa yenye cheti cha uasili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inauvuka bila kulipa ushuru wa forodha. Kwa hesabu ya kawaida ya biashara huria, pamba ya huku na cherehani za kule zilipaswa kuwa zimekutana miaka mingi iliyopita.

Wanaolijadili suala hili hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema biashara huria ndiyo iliyoua viwanda vyetu vya nguo, na wapo wanaosema tunahitaji biashara huria zaidi. Wote wanakosea mahali pamoja: wanatazama mpaka wa Namanga na Busia, wakati jambo lenyewe linaamuliwa Mombasa na Dar es Salaam. Kufuta ushuru baina ya majirani humnufaisha mwenye kiwanda pale tu majirani hao wanapomtoza mgeni ushuru mmoja. Afrika Mashariki ilifanya la kwanza. La pili imelifanya kwenye makaratasi, kisha ikalitoboa mwaka hadi mwaka.

Viwanda vilikufa kabla ya mkataba

Tuanze na tarehe, maana zinasahihisha mengi. Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa saini Machi 2004 na kuanza kazi 1 Januari 2005. Kufikia wakati huo Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Kiltex ya Arusha na Kicomi ya Kisumu zilikuwa zimekwisha kuanguka au kubaki magofu yenye walinzi. Rivatex ya Eldoret nayo ilikuwa imefilisika. Kilichoviangusha ni mchanganyiko wa uendeshaji mbovu, mashine chakavu, uhaba wa fedha za kigeni, na kisha kufunguliwa kwa milango ya uagizaji katika miaka ya 1980 na 1990 chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi. Nguo mpya za bei rahisi na marobota ya mitumba viliingia kwa pamoja, na viwanda vilivyozoea kulindwa na serikali havikupewa hata muda wa kubadilisha mashine. Anayesema jirani ndiye aliyeua kiwanda chake amekosea muuaji kwa zaidi ya muongo mmoja.

Jumuiya mpya ilijua hofu iliyokuwepo, hasa ya kuiogopa Kenya. Kumbukumbu ya kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza mwaka 1977, na malalamiko kwamba faida zote zilikwenda Nairobi, ilikuwa bado mbichi. Ndiyo maana mkataba uliandikwa kwa kuegemea upande mmoja kwa makusudi: bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru tangu mwanzo, huku baadhi ya bidhaa za viwandani za Kenya zikiendelea kulipa ushuru uliopungua kila mwaka hadi kwisha 2010. Lilikuwa wazo la busara, na mafuriko ya bidhaa za Kenya yaliyotabiriwa hayakutokea. Mwaka 2021, kwa takwimu za Kenya yenyewe, bidhaa ilizonunua Tanzania zilizidi ilizoiuzia, ingawa sehemu kubwa ilikuwa nafaka na si bidhaa za kiwandani.

Nafuu isiyo na thamani

Faida ya umoja wa forodha kwa mwenye kiwanda ni tofauti kati ya ushuru anaotozwa mgeni na ule anaotozwa jirani. Kitambaa cha Asia kikilipa asilimia 25 na cha Arusha kisilipe kitu, mshonaji wa Nairobi ana sababu ya kumpigia simu mtu wa Arusha. Tofauti hiyo ikiondoka, cheti cha uasili kinabaki karatasi yenye muhuri.

Sasa itazame sekta ya nguo kwa jicho hilo. Ushonaji wa viwandani ulio mkubwa kuliko wote katika ukanda huu, unaoajiri watu zaidi ya 50,000 na kuuza nje bidhaa za takriban dola milioni 500 kwa mwaka, umo ndani ya maeneo ya EPZ ya Kenya. Ndani ya EPZ malighafi haitozwi ushuru, itoke popote. Kwa mshonaji wa Athi River, kitambaa cha Arusha, cha Jinja na cha Asia vyote vinalipa sifuri. Jirani hana nafuu yoyote ya kumzidi mgeni mahali pekee penye wateja wa kutosha kukifanya kiwanda cha kufuma kiendeshe mashine zake usiku na mchana.

> Kwa mshonaji wa Athi River, kitambaa cha Arusha, cha Jinja na cha Asia vyote vinalipa sifuri.

Upande wa pili wa ukuta huo mambo ni magumu vilevile. Kanuni za forodha za Jumuiya zinalihesabu eneo la EPZ kana kwamba liko ng'ambo. Kiwanda kilichomo kinaweza kuuza ndani ya Jumuiya kiasi kisichozidi asilimia 20 ya uzalishaji wake wa mwaka, na kwa kulipa ushuru kamili. Shati lililoshonwa Athi River likitaka kuuzwa Moshi linalipa kama lililoteremka melini. Kanuni hiyo ilikuwa na sababu yake, kwani bila hiyo kitambaa kisicholipiwa ushuru kingepita mlango wa nyuma na kuwamaliza waliokilipia. Lakini matokeo yake ni kwamba tuna viwanda viwili vya nguo vinavyoishi jirani bila kusalimiana. Kimoja kinawashonea Wamarekani kwa kitambaa cha Waasia, na kingine kinahangaika na vitenge, mablanketi, vyandarua na sare za shule.

Kitambaa cha nchi ya tatu

Aliyeuchora mpango huu hayuko Afrika Mashariki. AGOA, iliyopitishwa na Bunge la Marekani Mei 2000, si mkataba kwa maana halisi. Ni sheria ya nchi moja inayozipa nchi za Afrika kusini mwa Sahara nafuu ya ushuru, na inayoweza kuiondoa. Kwenye nguo nafuu hiyo ni kubwa: suruali ya pamba hutozwa asilimia 16.6 ikiingia Marekani bila nafuu, na baadhi ya nguo za nailoni na poliesta hufika asilimia 32. Tuseme suruali imethaminiwa dola 8. Mshonaji wa Kenya alimwokolea mnunuzi dola 1 na senti 30 hivi, na katika biashara hii ambako watu hugombania senti tano, hiyo ni fedha ya kuhamisha kiwanda.

Kipengele kilicholeta ajira kiliruhusu nchi maskini kushona kwa kitambaa cha nchi ya tatu na bado kupata nafuu. Kiliandikwa kama cha mpito, kikitakiwa kwisha Septemba 2004. Kikasogezwa hadi 2007, kisha 2012, kisha 2015, kisha 2025. Kila mara hoja ilikuwa moja: bila hicho viwanda vitafungwa kesho. Na kila mara hoja hiyo ilikuwa ya kweli, kwa sababu katika miaka ya nafuu hakuna aliyejenga uwezo wa kufuma ambao ungeifanya iwe uongo. Kitambaa mara nyingi ni zaidi ya nusu ya gharama ya nguo inapotoka kiwandani, kwa hiyo sehemu nono ya thamani ilibaki Asia. Sisi tukabaki na mishahara ya kushona, ambayo si haba kwa anayeipokea lakini ni nyembamba kwa uchumi unaoitegemea.

Mtetezi wa kipengele hicho ana jibu zuri, nalo linaitwa Mauritius. Kisiwa hicho kilionekana tajiri mno kupewa nafuu ya kitambaa cha nchi ya tatu, na kwa miaka mingi ya mwanzo kililazimika kutumia kitambaa cha Afrika au Marekani. Wenye viwanda wakawekeza katika kusokota uzi. Lakini mauzo yao ya nguo Marekani yalishuka, wakati Kenya na Lesotho zilizoshona kitambaa cha Asia zilikuwa zinapanda. Kwa hiyo ukikaza kanuni peke yake unaweza kumaliza ajira kabla uzi haujasokotwa. Mimi nakubali nusu ya jibu hilo. Mauritius haina pamba wala majirani wa karibu wenye pamba. Simiyu, kaskazini mwa Uganda na bonde la Ziwa Victoria zina pamba, na Eldoret kuna Rivatex, kiwanda kilichonunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kikawekewa mashine mpya kwa mkopo wa India na kuzinduliwa tena 2019, ambacho tangu hapo kilio chake kikubwa ni kukosa pamba ya kutosha. Marobota ya kukilisha yanapita upande wa pili wa ziwa.

Atasema mwingine kwamba tatizo ni umeme na mitaji, si mikataba. Ni kweli kwamba kusokota na kufuma hula umeme kuliko kushona, na kwamba mkopo wa benki zetu haumfai mtu anayenunua mashine itakayojilipa kwa miaka 15. Lakini mwenye mtaji huuliza kwanza atamuuzia nani. Umeme ukishuka bei kesho, swali hilo litabaki palepale, kwa sababu mteja mkubwa yuko ndani ya EPZ anakopata kitambaa cha Asia bila ushuru, na mteja mdogo yuko nje anakokutana na mitumba.

Halafu kuna ukweli kwamba nafuu ya hisani huondolewa na mwenye hisani. Burundi ilitolewa kwenye AGOA mwanzoni mwa 2016, na Uganda 1 Januari 2024. Kwa jirani zetu Ethiopia, kampuni ya Marekani ya PVH ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Hawassa Novemba 2021, wiki chache kabla nchi hiyo haijaondolewa. Muda uliowekwa mwaka 2015 ulikoma 30 Septemba 2025 Bunge la Marekani likiwa halijaurefusha, na kabla ya hapo, Aprili mwaka huohuo, Washington ilikuwa imekwisha kutangaza ushuru wa ziada wa asilimia 10 kwa bidhaa za Kenya na Tanzania. Hata nafuu ikirejeshwa kwa mwaka au miaka, hakuna atakayejenga kiwanda cha kufuma juu ya tarehe inayosogezwa kwa kura za wabunge wa mbali.

Somo la mitumba

Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya, wakikutana Arusha, waliazimia kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Lilikuwa jaribio la kwanza la wazi la kuziba pamoja mlango mmoja wa nje. Chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani, SMART, kikapeleka malalamiko Washington mwaka uliofuata, na serikali ya Marekani ikaanza kupitia upya ustahiki wa nchi zetu katika AGOA. Kenya ilirudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda zikafuata mwanzoni mwa 2018. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ilikataa, na 30 Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu.

Wengi waliusoma mgogoro huo kama kisa cha mkubwa kumwonea mdogo, na hilo lipo. Kinachonishughulisha zaidi ni jinsi umoja ulivyofumuka kufuata maslahi ya kila nchi. Kenya ilikuwa na ajira za makumi ya maelfu za kupoteza. Rwanda ilikuwa inauza Marekani nguo chache sana, hivyo ujasiri wake uliigharimu kidogo. Kila mmoja alihesabu vizuri kwa upande wake, na azimio la pamoja likafa kwa hesabu sahihi za nchi sita.

Wala mitumba si adui pekee, na wanaopiga kelele kwamba ikipigwa marufuku viwanda vitafufuka watazame Kigali. Marobota yalipungua, lakini nafasi yake ilijazwa kwa sehemu kubwa na nguo mpya za bei nafuu kutoka China, na nyingine zikavushwa kwa magendo kutoka upande wa Kongo. Mama anayeuza mitumba kwenye soko la Gikomba au la Karume anamhudumia mnunuzi ambaye kiwanda cha ndani hakijawahi kumfikia kwa bei wala kwa ubora. Ukimwondoa bila kuwepo kitambaa cha ndani, umemhamishia riziki yake mwagizaji wa makontena.

Kila mpangaji na mlango wake wa uani

Ushuru wa pamoja wa nje una sura nzuri. Ulianza na ngazi tatu, asilimia 0, 10 na 25. Mei 2022 mawaziri waliokutana Mombasa walikubaliana kuongeza ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa bidhaa zinazoweza kuzalishwa kwa wingi ndani, pamba na nguo zikiwamo, ianze Julai mwaka huo. Tatizo ni kwamba Jumuiya inafanana na nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja wa mbele, wenye kufuli zuri, na kila mpangaji ana mlango wake wa uani. Kila mwaka wa bajeti nchi moja huomba isitumie kiwango fulani kwa miezi 12, nyingine huomba kiwango cha juu zaidi, nyingine hutoza kwa kilo badala ya thamani. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka yao, wakilalamikia mfumo wa kielektroniki wa ankara pamoja na ushuru wa nguo unaotozwa kwa kilo. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, maana mwagizaji wa nchi jirani alikuwa analipa kwa hesabu nyingine kabisa.

Ongeza mikataba inayopishana. Kenya na Uganda zimo COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa huko mwaka 2000 na kubaki SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Chukua taulo la pamba lililofumwa Misri. Kwa kuwa Misri ni mwanachama wa COMESA, taulo hilo likiwa na cheti linaingia Kenya bila ushuru. Likitaka kuvuka Namanga kwenda Arusha, ghafla ni mgeni na linatozwa. Geuza mfano: bidhaa ya Afrika Kusini inaingia Tanzania kwa nafuu ya SADC, na ikifika Holili, njiani kwenda Taveta upande wa Kenya, inageuka kuwa ya kigeni. Maofisa wa forodha wanaochambua vyeti kwenye vituo hivyo hawafanyi urasimu wa bure. Wanalinda tofauti ambazo serikali zao zimezitia saini. Mkataba wa utatu wa COMESA, Jumuiya yetu (EAC) na SADC uliotiwa saini Sharm el-Sheikh Juni 2015 ulikusudiwa kuondoa mkanganyiko huo, ukachukua hadi Julai 2024 kuanza kufanya kazi.

> Likitaka kuvuka Namanga kwenda Arusha, ghafla ni mgeni na linatozwa.

Na Ulaya ikaongeza mlango mwingine. Mazungumzo ya mkataba wa ubia wa uchumi yalihitimishwa mwaka 2014 kwa jina la Jumuiya nzima. Kenya na Rwanda zikatia saini 2016, Tanzania ikakataa. Nyuma ya mabishano ya kisiasa palikuwa na jambo rahisi: Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zikihesabiwa kati ya nchi zenye maendeleo duni, tayari zilikuwa zinauza Ulaya bila ushuru na bila kulazimika kufungua masoko yao. Kenya, isiyo katika kundi hilo, ingepoteza nafuu kama isingesaini. Ikaishia kusaini peke yake Desemba 2023, na mkataba ukaanza 1 Julai 2024. Siwezi kuilaumu Nairobi kwa kulinda maua inayoyauza Ulaya, wala Dar es Salaam kwa kukataa kulipia kitu ilichokuwa inakipata bure. Lakini umoja wa forodha ambao mwanachama mmoja ana ratiba yake ya kumfungulia mgeni soko hauna tena ukuta mmoja.

Kinachoweza kufanyika

Nionavyo, njia ya kuzikutanisha pamba na cherehani inaanzia EPZ, siyo kwenye marufuku ya mitumba. Jumuiya inaweza kuamua kwamba nguo iliyoshonwa EPZ kwa kitambaa kilichofumwa ndani ya Jumuiya iuzwe sokoni kwetu bila ushuru na bila kikomo cha asilimia 20, huku iliyoshonwa kwa kitambaa cha nje ikibaki na masharti ya sasa. Hapo ndipo kitambaa cha Arusha au Jinja kitapata kitu ambacho cha Asia hakina: soko la watu zaidi ya milioni 300. Pili ni manunuzi ya serikali. Sare za majeshi, polisi, hospitali na shule zingeweza kuwa mteja wa kwanza wa viwanda vya kufuma, ila kila nchi inawapa kipaumbele wazawa wake tu, na kiwanda kimoja hakipati oda ya kutosha kununulia mashine.

Litakuja pingamizi la kweli kutoka kwa washonaji wa nje ya EPZ, ambao wamelipa ushuru wa kitambaa miaka yote na sasa wataona jirani mwenye misamaha ya kodi akiingia sokoni kwao. Wana haki. Misamaha ya kodi ya mapato inapaswa kuhesabiwa upya kwa mauzo ya ndani, la sivyo tutakuwa tumehamisha dhuluma tu. Litakuja na la wakulima: mfumaji wa ndani atataka pamba kwa bei ya chini kuliko ya soko la dunia. Hilo lijibiwe kwa sharti moja, kwamba pamba nyuzi isiwekewe zuio la kuuzwa nje. Mkulima wa Meatu hana deni la kumfadhili mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda atakayeishi kwa kumnyonya mkulima ataua zao ndani ya misimu michache.

Meza ya bara ndiyo itakayopima kama tumejifunza. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Afrika ulitiwa saini Kigali Machi 2018, biashara ikatangazwa kuanza rasmi 1 Januari 2021, lakini kanuni za uasili wa nguo, pamoja na za magari, zilibaki zinabishaniwa kwa miaka baada ya bidhaa nyingine nyingi kukubaliwa. Wenye viwanda vya kushona wanataka kushona tu kutoshe kuifanya nguo iwe ya Kiafrika. Wenye viwanda vya kufuma wanataka angalau kitambaa kiwe kimefumwa hapa. Nchi za Jumuiya zikienda huko kila moja na karatasi yake, Kenya ikiwasemea washonaji na Tanzania ikiwasemea wakulima, zitabishana mbele ya wageni jambo ambalo hazijalimaliza Arusha.

Kabla ya hapo kuna kipimo kilicho karibu zaidi. Kila Juni mawaziri wa fedha husoma bajeti zao, na baada ya hapo Gazeti la Jumuiya huchapa orodha ya nchi zilizoruhusiwa kutotumia ushuru wa pamoja kwa mwaka mmoja, bidhaa kwa bidhaa. Sura za nguo katika kitabu cha ushuru ni ya 50 hadi ya 63. Mwenye pesa za kufunga mashine za kufuma Shinyanga au Eldoret huenda asisikilize hotuba hata moja, ila atahesabu ni mara ngapi sura hizo zimetajwa kwenye orodha hiyo.